Wagonjwa wa Agosti

Nesi Thibodeau alishamzoea mtakwimu wa kituo cha afya: penseli kwenye nywele, sauti ya chini, na swali lilelile kila asubuhi pale mapokezi, "Leo nani hajaja?" Waliokuja hakuwaulizia; hao, alisema, kompyuta inawajua. Hesabu zake zilikisia presha ya nani itashuka na nani ataishia kulazwa, na kila alipokuta jina lisilo na kipimo, kidole chake kiligonga meza mara mbili.

Agosti ile kiligonga majina arobaini na moja. "Wafute, dada," daktari mkuu alimwambia. "Bila hao tumefaulu asilimia tisini, na ripoti ni Ijumaa."

"Asiyekuja hajapona, daktari. Agosti hapa Maine watu wako wapi?"

Nesi aliinamisha uso. Mama yake mwenyewe alikuwa shambani akivuna buluberi, vile vitunda vya buluu vinavyoiva Agosti. Siku tatu mtakwimu hakuonekana. Ijumaa aliingia na buti za matope, mashine ya presha kwapani, vidole vya buluu hadi kwenye kucha.

"Ulikwenda kupima au kuvuna?" Nesi alimtania.

"Hawasimami wale. Ukitaka mkono wa mtu, kwanza mjazie ndoo."

Akajaza vipimo kimoja kimoja. Tisini ikashuka hadi sabini na sita. Daktari aliitazama namba ile. Mtakwimu alifuta miwani, akaiachia alama ya buluu, kisha akasogeza karatasi yenye majina manne. "Hawa, kwa hesabu zangu, hawawezi kusubiri hadi Jumatatu. Nani ana gari?"

Daktari ndiye aliyetoa funguo.