Swali Ambalo Mwombezi Hakuwauliza Mapepo

Habari za kifo chake zilinikuta Nachingwea mjini, kwa fundi, nikisubiri mashine yangu ya kupulizia dawa mikorosho. Dada yangu alipiga simu kutoka Matambarale, upande wa Ruangwa alikoolewa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Kaka, mama yetu wa maombi ametutoka. Presha." Nikasema Mungu amlaze pema, nikadhani tumemaliza. Dada akaongeza kile nilichokuwa naomba asikiongeze: "Ila huku watu wanasema si presha. Wanasema ni kile chakula alichokula kwa Bibi miaka ile." Niliinuka nikaondoka bila mashine yangu. Nimechoka, wasomaji wangu. Sijui kama nimechoshwa na kuzika au nimechoshwa na maneno yanayotutangulia makaburini.

Mnaonisoma mara kwa mara mnajua kwamba mimi ni Mkristo wa Jumapili, tena zile Jumapili zenye nafasi. Marehemu hakuwa hivyo. Alikuwa mkulima wa ufuta, mjane, muumini wa kanisa dogo la mabati pembeni ya mji, na kwa miaka mingi alikuwa ndiye mtu wa kuitwa pale nyumba inapokuwa nzito: mtoto hapati usingizi, mume anaongea na ukuta, binti anaanguka. Alifunga kwanza, kisha akaja na Biblia yake aliyoifunga kwenye kanga. Waliotegemea radi waliondoka wamekata tamaa, kwa maana alikemea kwa sauti ya mtu anayemfukuza mbuzi bustanini. Hakukasirika wala hakubembeleza. Alijua tu kwamba mbuzi hana haki ya kuwa pale. Siku moja nilimtania nikamuuliza hayo mamlaka anayapata wapi, mbona hata kuku wake hawamsikilizi. Alicheka, kisha akasema, "Mwenyekiti wa kitongoji akinituma nije kukuita, unakuja. Unakuja kwa sababu yangu mimi? Basi na huko siendi kwa jina langu. Ningekwenda kwa jina langu wangenichapa."

Kilichomtofautisha na wenzake kilikuwa swali moja. Asiyewahi kuingia kwenye ibada za ukombozi huku kwetu nimweleze utaratibu. Aliyepagawa huletwa mbele, mtumishi humsogezea kipaza sauti mdomoni, kisha huanza kumhoji pepo. Wewe ni nani? Umeingia lini? Halafu linakuja lile ambalo kanisa zima, na nusu ya soko waliosimama madirishani, wamekuja kulisikiliza: Nani amekutuma? Hapo ndipo linapotajwa jina la shangazi, la mke mwenza, la jirani mwenye mikorosho inayozaa kuliko yako. Marehemu hakuuliza hilo hata mara moja, na wachungaji walimlalamikia. Aliwajibu hivi, nami nilikuwepo: "Huyu tunahubiri kila wiki kwamba ni muongo. Leo tunampa kipaza sauti atoe ushahidi?"

Nilidhani ni ubishi wa watu wa dini, haunihusu. Ukaja kunihusu kwa njia ya mpwa wangu. Binti huyo alikuwa kidato cha pili alipoanza kuanguka, mara shuleni, mara nyumbani wakipiga ufuta. Shemeji na dada walimpeleka kwenye kanisa moja jipya mjini Ruangwa, ambalo wakati huo lilikuwa likijaza watu hadi barabarani. Mtumishi alimuuliza pepo nani amemtuma. Akaulizwa tena, na tena, kipaza sauti kikigusa meno, watu wakipiga makofi na kinanda kikipanda. Mwishowe mtoto akasema, "Bibi wa mikeka."

Bibi wa mikeka ni jirani wa dada, mjane Mwislamu anayesuka ukindu kibarazani kwake. Ndiye aliyemlea yule mtoto dada alipokuwa akishinda shamba; mtoto alijua kula kunde za Bibi kabla hajajua kusoma. Jina lile lilifika Matambarale kabla ya familia kushuka kwenye gari. Jioni ile hakuna aliyemsalimia Bibi. Kesho yake mihogo yake ilikutwa imeng'olewa, na vijana wakaanza kusema wazi kwamba nyumba ya makuti haihitaji mafuta mengi. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mgodini alimwambia mama yake afungashe ahame. Bibi alimjibu kwamba yeye mtu mzima, kaburi la mume wake liko pale, haendi popote. Dada yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama aliyeogopa, na alimwogopa mwanamke aliyemkatia mtoto wake kitovu.

Nilimwita marehemu kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwita. Alifika kwa dada asubuhi kwa bodaboda, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akakuta ua umejaa watu. Alikaa chini na mpwa wangu, akamshika mikono, akaomba. Mtoto akaanguka, akapiga kelele kwa sauti isiyo yake, na watu wakasogea. Marehemu akasema, "Toka, mwache mtoto." Akarudia hivyohivyo, taratibu, mpaka mtoto akatulia akaomba maji. Ndipo kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mama, mbona hujamuuliza? Sisi tunataka jina tu. Mengine tutamalizana nayo wenyewe."

"Nimemwambia atoke. Nikimuuliza ndiyo namkaribisha akae tupige hadithi."

"Lakini huko Ruangwa alishataja."

"Aliyetaja ni nani, mtoto au pepo?" Kijana akasema ni pepo. "Basi wewe ndiye unayemsikiliza pepo, mwanangu. Mimi siyo."

Pale hapakuwa na mtu wa kucheka. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na nawaambia ukweli, niliogopa. Watu walikuwa wamekuja kuchukua jina lenye muhuri wa Mungu, na mwenye muhuri anawanyima. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima zake, alimsihi kwa upole aseme hata kama ni kwa ishara. Marehemu alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akasema adui anayepigana naye hana mwili, hana mihogo wala hana nyumba ya makuti, kwa hiyo anayetaka kuchoma nyumba amekosea vita. Kisha akamgeukia dada yangu. "Mama, nitafunga kwa ajili ya mtoto huyu, nitaomba. Na hospitali mpeleke. Mungu hamwonei wivu daktari." Halafu akauliza, kana kwamba ni jambo dogo, kwa Bibi ni wapi, maana angependa kufikia huko.

Alikwenda, tena na begi lake. Tulimwona akivuka njia, akibisha hodi, Bibi akitoka na kusimama bila kujua amfanye nini mgeni wake wa kwanza tangu jina lake litajwe. Mchana watu wote walioweza kuona kibaraza kile walimwona mwombezi wa Nachingwea ameketi juu ya mkeka wa mchawi, anakula ugali na kunde za mchawi, anaongezewa, anapokea. Mnaojua kijijini mtu anavyokataa hata maji katika nyumba inayosemwa mtaelewa alichokifanya. Alikaa pale hadi wiki ikapita, akifunga mchana baadhi ya siku na akila jioni alichopika Bibi. Mmoja aliswali kwa saa zake, mwingine aliomba kwa zake. Vijana hawakuja. Ni vigumu kuchoma nyumba ambayo ndani yake yumo mama anayekuombea.

Mpwa wangu alipelekwa hospitali, akapewa dawa, akaendelea kuombewa. Akaanguka mara chache zaidi, kisha akaacha. Sijui kilichomponya ni kipi na sitajifanya najua. Marehemu mwenyewe alisema asifiwe Mungu, na dawa asiache kunywa. Ninachokijua ni alichoniambia mtoto baadaye, tukipalilia pamoja. "Mjomba, nilikuwa nimechoka. Waliniuliza, wakaniuliza. Nikataja jina lililokuwa karibu." Nimeyaandika mengi katika safu hii kuhusu nguvu za giza na wanaozitumia kujijaza mifuko, lakini sikuwahi kusikia maelezo mafupi kuliko hayo.

Msidhani marehemu alipewa shukrani. Kanisani kwake aliondolewa kwenye kikosi cha maombezi. Walisema amelala nyumba isiyofaa na mafuta yake ya upako yamechafuka. Simu zikapungua. Watu wetu hawataki tu kupona, wanataka kujua nani. Mgodi umefunguliwa, lami inakuja, watoto wana simu zenye dunia nzima ndani, na kila jioni spika mpya zinafungwa kwenye uwanja mpya, lakini swali ni lilelile walilouliza babu zetu kwa mganga, limebadilishwa nguo tu na kuvalishwa suti. Wakristo tunauliza, Waislamu wanauliza, na asiye na dini anauliza kuliko sisi. Korosho zisipozaa, nani? Mume akipata mke mwingine, nani? Nimelisikia swali hili tangu utoto wangu, na nimelichoka kama mtu anavyochoka jino linalouma. Najua hata mimi nikilala vibaya hujikuta nalitafuna.

Ndiyo maana nilikwenda kwenye msiba nikiwa mzito. Turubai lilikuwa nusu tupu. Mchungaji alihubiri vizuri, kwa ufupi wa mtu mwenye safari, na tukamzika kabla jua halijafika utosini. Tulipokuwa tumerudi nyumbani kwa marehemu, jirani yangu wa kiti, mtu ninayemheshimu, aliniinamia sikioni. "Wewe mwandishi ulimjua. Presha haiendi hivi. Unamhisi nani?" Mara nikaona watu wanageuza shingo. Bibi wa mikeka alikuwa anaingia, ameshikwa mkono na mpwa wangu. Alikuwa ametoka Matambarale siku ile ile, na kichwani alikuwa na mkeka mpya uliokunjwa.

Aliutandika upande wa kina mama, akasema kwa sauti ndogo, "Nkeka wake huu. Alinambia nimsukie, sikuwahi." Kisha akakaa pembeni yake, chini kwenye mchanga, kama mtu asiyetegemea kitu. Hakuna aliyekaa mkekani. Wanawake walibanana kwenye magunia na vipande vya kanga, na mkeka ukabaki mtupu katikati yao, mpya, unanukia ukindu. Niliyasikia manong'ono yakianza. Mpwa wangu alisimama, naye sasa ni mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni. Akavua ndala, akakaa katikati ya mkeka, akanyoosha miguu, akamvuta Bibi wakakaa wote.

Jirani yangu aliniuliza tena, safari hii bila kuinama. Nikamwambia sihisi mtu, nikaenda nikavua viatu na kukaa nao, mwanaume peke yangu upande wa kina mama, watu wakinishangaa. Nilikuwa nimechoka kweli. Watumishi wengi nimewasikia wakidai mamlaka juu ya majini, juu ya bahari, juu ya mvua. Yule tuliyemzika alikuwa nayo juu ya kinywa chake mwenyewe, siku ambayo kijiji kizima kilikuwa kimenyamaza kikisubiri jina, na kwa ajili hiyo Bibi alikuwa hai wa kuja kumlilia.