Risasi Nyepesi za Mzee wa Shively

Mwaka 2015, ofisi iliyokuwa ikinipangia wazee wa kutunza ilinituma Shively, kitongoji cha Louisville, kwa mzee mmoja aliyekuwa ametoka kupasuliwa bega la kulia. Mimi nilikuwa naishi Okolona, kwa hiyo haikuwa mbali. Waliniambia anahitaji mtu wa kumfungia vifungo, kumpikia na kumpeleka kwa daktari. Hawakuniambia kwamba gereji yake haikuwa na gari. Ilikuwa na meza ndefu, mizani ndogo, mashine ya chuma ya kukandamiza kwa mkono, na risasi nene kuliko kidole gumba changu.

Niliganda mlangoni. Mimi ni mtu wa milima ya Kivu ya Kusini. Risasi nilizikimbia nikiwa na mtoto mgongoni. Sikuvuka bahari ili nije kuzipangusa vumbi. Nilikwisha toa simu niombe nibadilishiwe mzee, ndipo nikaona kibao chenye matundu pale mezani. Maganda matupu ya risasi yalikuwa yamepangwa humo kwa mistari, yote midomo chini.

Mama yangu alikuwa akipanga vyombo vya maziwa vivyo hivyo. Akishaviosha alivilaza midomo chini, na sisi watoto tulijua: kilicholala hakina kitu, kilichosimama kina maziwa, usikipite kwa mbio. Nikamwuliza mzee kwa nini ameyapanga hivyo. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini anavaa viatu.

"Yaliyolala ni matupu," akasema. "Yaliyosimama yana baruti. Mkono ukisahau, jicho litakumbuka."

Nikarudisha simu mkobani. Kazi niliichukua kwa sababu hiyo, wala sioni haya kusema.

Mdogo wangu aliyekuwa akiishi Whitehall, kule Columbus, alipiga kelele kwenye simu nilipomsimulia kuhusu zile risasi, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa, kama kwetu. "Yaya, tulikimbia masasi mpaka huku, na weye unaenda tena kuifata? Donc, basi hii ni akili ya wapi?" Nikamwambia kazi ni kazi. Akasema bon, haya basi, ukilipuka usiniite.

Bunduki ya risasi hizo mzee aliirithi kwa baba yake. Ilikuwa na mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kazi ya mafundi wa Uingereza wa zamani, ya kuulia tembo na nyati. Mzee hakuwahi kukanyaga Afrika. Siku moja akaniambia, kwa heshima kubwa, kwamba sisi huko kwetu tembo tumewazoea.

"Tembo nilimwona Columbus, Mzee," nikamjibu. "Kwenye bustani ya wanyama. Mdogo wangu alininunulia tiketi."

Alicheka hadi akashika bega. Neno Mzee alilipenda. Akawa analitumia yeye mwenyewe kwenye simu, "Mzee anaongea hapa," na watu wa duka la dawa wakabaki hawaelewi.

Lakini jambo lililomkalia rohoni halikuwa tembo. Alikuwa na binti mmoja tu, anayeishi Buffalo, mpishi kwenye jiko la shule. Binti huyo akiwa msichana mdogo, mzee alimpa ile bunduki aifyatue kwa risasi zake nzito kama zilivyo. Ilimrudishia teke, ikampasua nyusi, akaanguka chali. Baba mtu akacheka. Tangu siku hiyo binti hakuigusa tena, na hata kwa baba yake akawa anakuja kama mgeni: anakaa ukingoni mwa kiti, anaaga mapema.

Sasa mzee alijua bega lake halitarudi kama zamani. Kulikuwa na mtu wa hapo Louisville aliyekuwa akiitaka ile bunduki kwa hamu. Binti akiikataa, ingeuzwa. Na mzee aliniambia wazi, akiwa ananawa mikono jikoni: "Ikiuzwa, hatutakuwa na kitu chochote tulichokishika wote wawili."

Hivyo alikuwa akitengeneza risasi nyepesi, ambazo mtu mwembamba angeweza kuzistahimili. Mimi nilidhani ni kazi rahisi: punguza uzito wa kichwa cha risasi, punguza baruti, basi. Akanifungua macho. Mitutu miwili ile iliunganishwa na fundi akiwa na risasi ya aina moja mkononi, akaisogeza hadi yote miwili ikapiga mahali pamoja. Ukibadilisha uzito, bunduki inaruka kwa namna nyingine mkononi, na mitutu inagombana, mmoja huku, mwingine kule. Risasi nyepesi ni lazima itafutiwe mwendo wake ambao mitutu itakubaliana tena. Hakuna anayeujua mwendo huo mpaka aujaribu, kidogo kidogo, kwa bunduki ile ile.

Nimefanya kazi na watu wavumilivu. Nimeishi kwenye kambi ya wakimbizi na watu waliongoja majina yao yatoke kwenye orodha ya safari hadi watoto wakaota ndevu. Lakini uvumilivu wa yule mzee ulinishangaza, maana hakuna aliyemlazimisha. Alipima baruti kwa mkono wa kushoto, punje kwa punje, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Jumamosi nilimpeleka uwanja wa shabaha nje ya mji, akapiga risasi mbili tu kwa bega la kushoto, kisha tukarudi. Mimi nilibaki garini, vioo juu, vidole masikioni, nikiimba nyimbo za kanisani kwa sauti. Matundu kwenye karatasi yalikuwa yamepishana kama mke na mume walionuniana. Yeye alitabasamu, akaenda nyumbani kuanza upya.

Jumamosi baada ya Jumamosi matundu yakaanza kusogeleana. Nikajikuta nashuka garini kwenda kuyaona, masikio bado yameziba. Siku yalipokaribiana kiasi cha kufunikwa na kizibo kimoja cha soda, nilipiga kigelegele. Watu wa uwanjani wakageuka. Niliwatazama nikaendelea.

Mzee alianza kujaza zile risasi za binti. Maganda mengi yalikuwa yamesimama, yana baruti, ndipo simu ikalia. Ni binti. Amekubali wakutane katikati ya njia, Columbus, ila amesema, "Nakuja kukuona wewe, siji kwa ajili ya bunduki." Mzee alirudi mezani macho yamelowa, akayatazama yale maganda, kisha akamwaga baruti yote irudi kwenye kopo lake. Moja baada ya jingine, akayalaza midomo chini.

"Si ulikwisha yajaza?" nikauliza.

"Sikumbuki niliishia lipi. Nikijaza moja mara mbili, hiyo bunduki itapasuka usoni kwake." Akajifuta macho. "Furaha ni mbaya kama hasira ukishika baruti."

Nilimpenda yule mzee siku hiyo, kama ninavyompenda baba mkubwa wangu.

Tulikwenda Columbus na gari langu, tukalala Whitehall kwa mdogo wangu, aliyemlisha mzee sombe, kisamvu cha kwetu, na ugali, ila akaamuru bunduki ibaki ndani ya gari. Kesho yake tulimkuta binti kwenye shamba moja nje ya mji lenye uwanja wa shabaha, mahali mzee alipomwomba aje hata kama hatapiga. Alikuwa mwembamba kweli, nywele zimeanza mvi, kovu dogo juu ya jicho. Walisalimiana kwa mkono. Nilijisemea moyoni: samaki mkunje angali mbichi, na huyu amekwisha kaukia Buffalo.

Mzee hakumbembeleza. Alisema tu, "Nilikosea kukucheka siku ile. Nimezitengeneza hizi ziwe za kwako." Akaweka risasi mbili juu ya mlango wa nyuma wa gari uliokuwa umeshushwa kama meza, akasogea pembeni.

Binti alizitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa tayari kulia. Akaichukua bunduki, akaifungua, akatia zile risasi mbili, akaifunga, akaiweka begani. Mtutu wa kulia ukalia, akayumba kidogo, akabaki amesimama. Akapumua. Wa kushoto ukalia. Kule kwenye karatasi, matundu mawili yalikuwa yamekaa jirani.

Lakini mzee hata hakuangalia karatasi. Alikuwa anaangalia mikono ya binti. Binti alikuwa amefungua bunduki na kutoa yale maganda matupu, na bila kuambiwa na mtu, akayaweka juu ya mlango wa gari, midomo chini, moja kando ya jingine.

"Nani alikufundisha hivyo?" mzee akauliza.

"Wewe," binti akasema. "Nilikuwa nakaa chini ya meza yako, Baba. Kila siku. Hukuwa unaniona."

Mzee akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado na nguvu, akamvuta binti yake begani pake.