Sauti ya Baba, Toleo la Tatu

Ninayo matoleo matatu ya tamasha moja, na katika matoleo hayo baba yangu ni watu watatu tofauti. Wapenzi wa muziki hununua toleo jipya ili wasikie gitaa vizuri zaidi. Mimi sikuwa na gitaa la kutafuta. Nilikuwa natafuta mahali pa kumzika mama yangu, naye alikuwa hai, anakaa nami Dabani, anachambua maharage na kuniuliza kila Jumapili kama watu wa Nabuyoga, ukoo wa baba, wamesema lolote.

Baba alikuwa mpiga tongoli, kinubi cha kwetu Padhola. Enzi zake hakukuwa na matanga wala harusi ya maana upande wetu wa Tororo bila yeye. Alasiri moja yeye na kundi lake walipiga katika ukumbi mmoja mjini, ubavuni mwa kanisa, watu wamejaa hadi madirishani. Mdogo wake, yaani baba mdogo wangu, ndiye aliyekuwa mshereheshaji, na ndiye aliyerekodi, kwa redio kaseti aliyoiweka juu ya kreti la soda. Majuma machache baadaye baba alikufa. Kaseti ikanakiliwa, nakala zikanakiliwa, zikauzwa Busia zote mbili, yetu ya Uganda na ile ya Kenya. Hadi leo mtu mzima hazikwi huko kwetu bila kupigiwa tamasha lile.

Hilo ndilo toleo la kwanza. Ndani yake baba ana sauti nyembamba ya juu, na anaimba kwa haraka, mtu mwepesi asiye na shida duniani. La ajabu ni kwamba kadiri tamasha linavyosonga ndivyo anavyozidi kuchangamka. Wimbo wa mwisho unakwenda mbio hata wachezaji wa siku hizi wakiufuata huishia kushika viuno na kuhema. Na mwishoni mwa mistari yake kuna kicheko kifupi, hek, hek, ambacho waimbaji wote waliokuja baada yake wamekiiga. Ukienda kwenye matanga Iyolwa leo utamsikia kijana aliyezaliwa baada ya kifo cha baba akimaliza kila mstari kwa hek. Wanaamini huo ndio ufundi.

Kaseti hiyo ndiyo iliyomhukumu mama.

Mama ni Msamia, aliolewa Padhola akiwa msichana, na alipokuwa akipika samaki wakavu wa kwao mawifi walikuwa wakiziba pua kwa utani. Jioni ya tamasha baba alirudi nyumbani, akala samaki wale, akalala, na tangu siku hiyo hakushika tena tongoli. Alipokufa, utani ukaisha. Mama akasema kwamba mumewe alikuwa na kifua, alikuwa akikohoa tangu kabla ya mvua. Wazee wa ukoo wakaleta kaseti. Wakaiweka katikati ya watu, wakapiga wimbo wa mwisho, wakamuuliza mama: huyu ni mgonjwa? Mtu anayeimba hivi, anayecheka hivi, ana kifua gani? Mchana alikuwa hivi, jioni alikula mkononi mwako, basi tuambie ulimpa nini.

Baada ya kumaliza matanga walimwambia arudi kwa kaka zake, Dabani. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka tulivyotoka: yeye na godoro kichwani, mimi na kuku wawili waliofungwa miguu, na hakuna aliyetusindikiza hata hadi njia panda. Kwetu mwanamke aliyeolewa huzikwa kwenye boma la mumewe, karibu na mumewe. Akizikwa kwa kaka zake, watu husema ni mtu asiye na kwao, na watoto wake husemwa hivyo hivyo. Mama alivumilia kila kitu kingine, ila hilo alishindwa kulimeza. Kila alipougua, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Munipeleke Nabuyoga, kando ya baba yenu."

Toleo la pili lilitoka miaka mingi baadaye, kwenye CD, kazi ya duka moja upande wa Kenya. Kwenye jalada waliandika kwamba limesafishwa. Nilinunua siku hiyo hiyo, nikafunga kibanda changu cha vitenge mapema, nikaenda kusikiliza. Sijawahi kukasirishwa na muziki kiasi kile. Walikuwa wameongeza besi nzito kama lori linalopanda mlima. Maneno ya baba mdogo kati ya nyimbo waliyakata yote. Makofi ya watu wetu waliyaondoa, wakabandika makofi ya mahali pengine, ya watu wanaopiga makofi kwa pamoja kwa adabu, jambo ambalo halijawahi kutokea Tororo. Hata hek waliipunguza, kwa sababu kwao ilikuwa kelele. Baba aliyebaki alikuwa kijana zaidi, msafi zaidi, mwenye afya ya kutangaza sabuni. Nilijua watu wa Nabuyoga watalipenda, na walilipenda.

Hili la tatu ndilo lenye habari.

Mwaka juzi alikuja msichana mmoja kutoka Nairobi anayekusanya muziki wa zamani wa mpakani. Alitaka kaseti ya mwanzo kabisa, ile iliyozaa nakala zote. Baba mdogo alikuwa ameitunza kwenye mkebe wa chai, akamwazima kwa fahari. Msichana akaisikiliza kwa siku kadhaa kisha akamuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza: redio ile ilikuwa ikitumia nini siku ile? Baba mdogo akacheka. Umeme wa ukumbini ulikuwa umekatika, akasema, na mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa yamechoka, lakini yeye ni mjanja. Tangu asubuhi alikuwa ameyaanika juu ya bati ili jua liyarudishie nguvu.

Sisi sote tulikuwa tukifanya hivyo. Hakuna nyumba kwetu iliyotupa mawe ya redio kabla ya kuyaanika, kuyang'ata, kuyagonga na kuyaanika tena. Yanapata nguvu kidogo, kisha yanaishiwa polepole. Na redio yenye mawe yanayoishiwa huzungusha kaseti polepole inaporekodi. Ukija kuipiga kaseti hiyo kwenye redio yenye nguvu kamili, kila kitu kinakwenda mbio, na kila sauti inapanda juu. Kadiri mawe yalivyozidi kufa ukumbini, ndivyo baba alivyozidi kuwa kijana kwenye kaseti.

Msichana alipata njia ya kuirudisha sauti mahali pake. Katikati ya wimbo wa pili kengele ya kanisa inasikika, na kwenye kaseti inalia kama kijiko kinachogonga bilauri. Kengele ile ile bado ipo. Akaenda akairekodi, kisha akapunguza mwendo wa kaseti mpaka kengele mbili zikalia sawa. Kwa nyimbo za mwisho ilibidi apunguze zaidi. Makofi, ngurumo za watu, maneno ya mshereheshaji, vyote aliviacha. Toleo lilipotoka alinitumia kwenye simu, na chini yake akaandika kwamba ananipa pole.

Nilielewa pole hiyo nilipofika wimbo wa tatu. Baba ana sauti nzito. Ana sauti nzito, iliyochoka, anaburuza maneno, na kabla ya kila mstari unamsikia akivuta pumzi na pumzi haitoshi. Na ile hek si kicheko. Ni kikohozi. Anakohoa kwa kujizuia, mdomo umefungwa, ili asiharibu wimbo. Wimbo wa mwisho, ule wa kuwatoa wachezaji jasho, ni mtu anayejikokota amalize aende zake. Nililia nikiwa nimekaa juu ya marobota ya vitenge, mteja akafika, akaniona, akaondoka. Nilimlilia baba, halafu nikaja kushikwa na hasira nilipokumbuka vijana wanaoiga kikohozi cha mtu anayekufa na kutunzwa noti.

Halafu nikafurahi, nakiri. Hapa palikuwa na ushahidi. Kaseti iliyomfukuza mama ndiyo itakayomrudisha.

Sikumwambia mama. Nilitaka nimpelekee jibu kamili. Nikachukua spika ndogo, nikapanda bodaboda hadi Nabuyoga. Baba mdogo alinipokea mlangoni vizuri, akaniita binti yake, akaagiza chai. Sasa ni mzee, na wazee wengine waliomhukumu mama wamekwisha. Neno lake ndilo la boma. Nikamwambia nimeleta sauti ya kaka yake jinsi ilivyokuwa kweli. Nikawasha.

Kwanza ikatoka sauti yake mwenyewe, ikiwakaribisha watu. Kwenye kaseti ya zamani anasikika kama mtoto wa shule ya chekechea, na kwa miaka yote watu wamemcheka kwa hilo, wakisema sauti ilikuwa bado haijavunjika, ingawa siku ile tayari alikuwa na wake wawili. Sasa ilitoka sauti ile ile iliyonikaribisha mlangoni dakika chache kabla, nzito, yenye mikwaruzo. Nikamtazama. Alikuwa ameacha kukoroga chai. Kisha akaja baba, akaimba, akakohoa. Nikaacha wimbo uishe wote.

"Hii si sisi," akasema.

"Baba mdogo, hiyo ni sauti yako. Unaongea nayo sasa hivi."

"Ndugu yangu alikua na sauti ya juu. Dunia yote inajua. Hawa watu wa Nairobi wameharibu yeye." Akasukuma spika kwa kidole kuelekea kwangu. "Siku hizi kompyuta inaweza kukohoza mtu yeyote."

Nikamweleza habari ya mawe ya redio, nikamkumbusha aliyaanika mwenyewe. Nikamweleza kengele. Nikamwambia, kwa heshima yote niliyokuwa nimebakiwa nayo, kwamba yeye alikuwa amesimama kando ya kaka yake jukwaani na hakuhitaji kaseti yoyote kumwambia kama mtu anakohoa. Hapo akaanza tena kukoroga chai.

"Hata kama," akasema mwishowe, kwa upole. "Wewe unajua kaburi ni nini? Mama yako akilala hapa, kesho nyinyi mutakuja na jembe, mutasema hii ni kwetu. Vijana yangu watalima wapi? Mimi siwezi."

Hakukana tena. Alisema hata kama, nasi tukamaliza chai. Nimewahi kuwachukia watu, lakini si kwa utulivu kama niliomchukia nao yeye nikiwa nimeshika kikombe chake mkononi.

Nilirudi Dabani nikiwa nimeamua kupigana. Nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nitakwenda kwa katekista, nitawapigia toleo la tatu matanga yote ya Padhola mpaka masikio yao yakubali. Lakini mambo hayo yangemfikia mama, kwa hiyo ilibidi asikie kwanza. Asubuhi iliyofuata, baada ya uji, nikamwambia kuna kaseti mpya ya baba.

Akakunja uso. Lazima nieleze kwamba mama alikuwa akiisikia kaseti ya zamani kwa miaka yote. Hata Dabani ilifika. Kila mazishi aliyohudhuria ilipigwa, naye alikaa kimya, ameinamisha kichwa, haondoki, kwa sababu akiondoka watu wangesema, unaona. Nilijua inamuumiza. Nilidhani najua inamuumiza wapi.

Nikawasha. Alisikiliza amefumba macho. Baba alipokohoa mara ya kwanza, akafumbua.

"Rudisha pale."

Nikarudisha.

"Tena."

Tulisikiliza kikohozi kile mpaka nikashindwa kuhesabu. Mwishowe akaniwekea mkono juu ya wangu nisiguse tena simu.

"Alikua anakohoa kabla ya kula chakula yangu," akasema.

"Ndiyo, mama. Si wewe ndiye uliyesema? Uliwaambia wote."

"Nilisema ule mwaka. Kaseti ikasema hapana." Alizungumza taratibu, bila machozi. "Mwaka mwingine nikasema tena, kaseti ikasema hapana. Kila mazishi, mwana wange. Mimi niko peke yangu, kaseti iko kila nyumba. Nikasema basi, labda ile kikohozi niliota. Nikaanza kufikiri ile samaki. Ilikua imekaa kwa gunia siku mingi. Nilinusa, nikaona iko sawa, nikapika. Nimenusa ile samaki kila siku mpaka leo."

Miaka yote hiyo nilimlinda dhidi ya watu wa Nabuyoga, na jioni nilikuwa nikimwacha peke yake na mtu aliyemshutumu kuliko wote, yaani yeye mwenyewe. Nikakimbilia lile nililokuwa nalo. Nikamwambia baba mdogo amekataa lakini haidhuru, nitafika hadi kwa wakubwa, hatanishinda, atalala Nabuyoga kando ya baba, hata ikibidi nichimbe mimi mwenyewe.

"Ya nini?" akauliza.

"Si ndilo ulilotaka siku zote?"

"Nilitaka kulala karibu na yeye nimuombe msamaha," akasema mama. "Sasa nitamuomba nini? Unizike hapa hapa."