Daktari wa Thika na Habari za Ruiru

Wiki jana nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Thika wakati mama mmoja alipoingia akimshikilia mumewe, ambaye alikuwa akihema hata hawezi kuongea. Daktari akauliza kama kuna dawa inayomletea mgonjwa shida. Mama akatikisa kichwa. "Sijui, daktari. Yeye hutibiwa Ruiru."

Daktari akafungua kompyuta, akasoma, kisha akauzuia mkono wa nesi uliokuwa na sindano. "Hiyo hapana. Penisilini ilikuwa karibu imuue huko Ruiru. Tumpe nyingine."

Mama akaketi kando yangu, ameziba mdomo kwa leso. "Woiye! Kumbe alikubali rekodi zake zionekane huku," akaniambia. "Mimi nilimkataza. Niliogopa watu watajua ana sukari."

Kufikia adhuhuri mzee alikuwa ameketi kitandani, anaitisha chai. Mkewe akampapasa bega. "Asante kwa kukosa kunisikiza, mzee wangu."

Wengi wetu huwaficha majirani magonjwa yetu, na hiyo ni haki yetu. Lakini daktari si jirani. Karani wa hospitali aliponiuliza kama rekodi zangu pia zionekane katika hospitali nyingine, nilikubali kabla hajamaliza swali.