Kuku wa Pokea

Watu wa Lusahunga tunajisifu kwamba tunajua vichekesho. Tunajua kucheka, hilo sibishi. Nami ni mmoja wao, Khalidi muuza vitenge, mwenye duka linalotazamana na uwanja wa kuegesha malori, kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba nawasengenya.

Niyonzima alikuwa akichekesha pale uwanjani kila siku ya gulio. Wazazi wake walikimbia vita Burundi, wakapata shamba la mihogo huko Runazi, na huko ndiko alikozaliwa. Jina lake la mchezoni lilikuwa Pokea. Hakuwa na maandishi wala mazoezi. Alisimama katikati ya duara la watu, akatandaza mikono na kusema, "Nipeni neno." Neno lolote. Ukimwambia "sufuria", hapo hapo sufuria inaoa, inapata kesi, inagombea udiwani. Wakati wa kampeni mtu alimpa neno "kura", akaigiza mzee wa kwao aliyesikia "kula" akaenda kituoni na sahani. Siku ile mke wangu Fathiya alicheka mpaka akaketi chini vumbini.

Kama kuna kitu alichokuwa akiiba, ni sauti. Simu yake, yenye kioo kilichopasuka, ilijaa watangazaji wa mpira, madalali wa ng'ombe, wahubiri waliokaukiwa sauti, na vikohozi vya wazee. Siku za kesi alikwenda mahakamani Biharamulo kusikiliza tu watu wanavyojitetea. Babu yake alimwachia majigambo ya kusifu ng'ombe kwa Kirundi. Yeye akayatumia kusifia pikipiki mbovu. Mwaka huu alikuwa amepagawa na taarabu. Alikuja dukani kusikiliza redio ya dada yangu Mwatumu, akiniuliza maana ya kila fumbo.

"Khalidi, wenzetu nyie watu wa taarabu mnatukanana kwa adabu," aliniambia, na akacheka peke yake mpaka wateja wakageuka.

Mwenzake mchezoni alikuwa Leonsia, muuza ndizi mbivu. Walikuwa na kanuni moja tu: mwenzako akikupa jambo, usilikatae. Lipokee kama unavyompokea mgeni mzigo wake, hata kama amebeba mawe.

Siku ninayoisema, Niyonzima alitandaza mikono. "Nipeni neno."

Nikajibu mimi, kwa sauti yangu yote: "Mwizi!"

Nilitaka kumwona akinyata, basi. Alipokea. Akainama, akanyata, akachomoa kuku asiyekuwepo kutoka tenga lisilokuwepo, akamsokomeza chini ya shati. Kuku akalia. Sauti ilitoka kooni mwake, lakini ungeapa kuku yupo. Nasi tukapokea: "Mwizi! Mwizi!" Akatimua mbio kuzunguka malori, duara zima likimfuata kwa vicheko.

Upande wa pili wa malori kulikuwa na basi lililosimama, abiria wameshuka kuchimba dawa. Waliona mtu anakimbia ameshika tumbo, kuku analia, na kundi linapiga kelele za mwizi. Wa kwanza alimtegea mguu. Wa pili alimpiga teke la mdomo.

Nikacheka. Niliona meno yakitoka nikadhani ni punje za mahindi, maana aliwahi kufanya hivyo alipoigiza mng'oa meno. Akapaza sauti, "Ni mchezo! Jamani, ni mchezo tu!" Nikacheka zaidi, kwa kuwa aliyasema vizuri mno.

Kisha ikaja nondo. Ilimpata mkononi, na mfupa ukalia kama muwa unaovunjwa. Hapo kicheko kikanikatikia. Walimkanyaga kichwa. Walimpiga jiwe la jicho. Mtu akaburuta tairi, mwingine akafungua chupa ya petroli. Na wale tuliokuwa tukicheka pamoja, baadhi yao sasa walikuwa wanapiga. Nilimwona Malongo, fundi viatu, jirani yangu wa miaka minane, akiokota jiwe kwa haraka kama anayechelewa shughuli. Mimi sikupiga. Sikuzuia pia. Nilisimama.

Leonsia ndiye aliyepenya. Alijitupa juu ya Niyonzima, na fimbo mbili zikamshukia yeye mgongoni. Angelia kuomba huruma wangemng'oa na kumtupa kando. Hakulia. Aliinua kichwa, akasema kwa sauti ya mama mwenye kesi yake:

"Huyu kaniibia mimi. Naomba kuku wangu."

Mikono ikasita hewani.

"Mwizi mmempiga, ahsanteni. Sasa nipeni kuku wangu niende nyumbani. Yuko wapi?"

Mwenye petroli akatazama chini. Mwingine akafunua shati lililolowa damu, akapapasa, akatazama uvunguni mwa lori. Hapakuwa na hata unyoya.

Na kutoka chini ya Leonsia, ndani ya mdomo uliopasuka, kuku akalia. Mara moja tu, kwa povu jekundu, lakini ni yule yule. Niyonzima alikuwa amepokea.

Aliyeshika tairi akaliachia. Dereva wa basi akapiga honi, abiria wakapanda, wakaenda zao. Malongo akarudi kibandani kushona viatu.

Niyonzima alilazwa Biharamulo wiki sita, taya limefungwa kwa waya. Nilimpelekea machungwa, mjinga mimi, kana kwamba angeweza kutafuna. Nikamwambia, "Pole ndugu yangu. Watu wa njiani wale ni wanyama." Alinitazama kwa jicho lililobaki. Nilishukuru kwamba hawezi kusema. Aibu hiyo naikiri, kwa sababu niliitembeza kifuani miezi mitano.

Miezi hiyo mitano ilipotimia, akarudi uwanjani. Duara lilijaa kuliko siku zote. Alisimama katikati, mkono mmoja umepinda, mwingine umeshika jiwe la ukubwa wa ngumi. Leonsia alikaa pembeni na beseni lake la ndizi. Tukasubiri aombe neno.

"Leo neno natoa mimi," alisema. Meno ya mbele hayakuwepo, maneno yalitoka na upepo. "Neno ni mwizi. Nani anapokea?"

Malongo alitazama viatu vya watu, kama kazi yake. Niyonzima alizunguka duara polepole akitupitia mmoja mmoja, mpaka akafika mbele yangu.

"Mimi sauti sisahau, Khalidi," alisema. "Pokea."

Nikaingia katikati. Akaniambia nikimbie, nikakimbia hatua tatu, nikageuka. Alikuwa ameinua jiwe usawa wa mdomo wangu. Nilimwangalia usoni nijue kama anaigiza, sikujua. Nilitafuta neno la kujitetea, mimi ninayeongea na wateja kutwa, nikapata moja tu.

"Ni mchezo," nikasema. "Jamani, ni mchezo tu."

Watu wakacheka.