Gari la Baba Lililofukizwa Udi

Jirani alikuwa akifukiza nyumba juzi, kitoto chake kikakanyaga kaa kwa kandambili. Udi na mpira wa kuungua, harufu mbili kwa pamoja, zikapanda mpaka dirishani kwetu. Nikaacha kufua. Nyinyi wasomaji wangu nitawaambia kwa nini, maana nyumbani jambo hili halizungumzwi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Mji wa Kale, na Baba alikuwa na steshen wagon nyeupe iliyokwenda kilomita zaidi ya laki nne, nyingi kati yake akibeba samaki kutoka Liwatoni kuwapelekea wenye hoteli. Barafu iliyeyuka, maji ya chumvi yakateremka chini ya viti, na miaka ikapita. Nyuma ya kiti cha dereva, pale nilipokuwa nikiweka miguu, bati lilikuwa limeliwa mpaka likatoboka. Mimi nililipenda tundu lile. Niliinua mkeka wa mpira nikaiangalia barabara ikikimbia chini yangu, nikaangusha maganda ya njugu moja moja.

Kisha Baba akapata kazi ya udereva Uarabuni. Safari ilikuwa Jumapili, na gari lilitakiwa liuzwe kabla, kwa sababu Mama hakujua kuendesha, na gari likikaa bure kwenye hewa ya chumvi ndilo limekufa.

Akalipeleka Shimanzi kwa fundi Karisa, aliyekuwa akifanya kazi nje, kando ya maghala. Nilikwenda naye. Karisa alibadilisha plagi na breki, akaziba silensa, akaweka oili nzito. Injini ikaacha kukohoa. Halafu akalala chini ya gari, akatoka amenuna.

"Bwana Omari, injini nimeinyamazisha. Lakini sakafu hii, ah-ah. Niachie siku moja nichomelee bati."

"Siku sina, Karisa. Nasafiri mimi."

"Basi ukiuza, muuzie asiyekuwa na miguu."

Baba alicheka, akanunua mkeka mpya, mnene, akautandika juu ya tundu.

Alhamisi akaja mnunuzi, Bwana Taheri, mwenye duka la misumari na rangi. Watatu waliotangulia walitazama kilomita tu wakaaga. Huyu alisikiliza injini kwa muda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuja na binti yake mdogo, ambaye alipanda nyuma bila kuulizwa, akakaa mahali pangu, akaning'iniza miguu.

"Baba, lanuka papa!" akapiga kelele.

"Atakuwa akipanda yeye na dadake kwenda shule," Bwana Taheri akasema. "Nitoleeni harufu hii, Bwana Omari. Kesho nikitoka kuswali nalichukua."

Mama alikuwa kizingitini, ameyasikia yote. Walipoondoka akamwambia Baba taratibu, "Babake Zuhura, mtoto yule atakaa pale pale."

"Akiniuliza nitamwambia. Kwani ameniuliza?"

Mama akaingia ndani kusonga ugali.

Ijumaa, Baba aliporudi kutoka msikitini, Mama akatoka na chetezo cha udi kinafuka. Kwetu nguo zafukizwa, nywele zafukizwa, kitanda cha wageni chafukizwa, kwa hivyo gari nalo halikumshangaza mtu. Baba alifurahi, hata akamfungulia mlango wa nyuma. Mama akakiweka chetezo sakafuni, akafunga madirisha, akaniambia nisisogee.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Moshi ukabadilika rangi. Mpira ukanuka. Baba akafungua mlango, akaona chetezo kimelala ubavu na makaa yamejaa kwenye mkeka. Akanyakua ndoo ya maji na kuyamwaga yote mle ndani.

Maji hayakukaa. Yalipita moja kwa moja, yakaanguka chini ya gari pwaa! pamoja na vipande vya mkeka, yakatiririka kichochoroni mpaka kwenye viatu vya Bwana Taheri, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika.

Akapandisha kanzu. Akainama, akatazama chini.

"Bwana Omari," akasema, "hili ni gari au chujio?"

Watu wa barazani wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alisimama na ndoo tupu mkononi.

"Lichomelee," Bwana Taheri akasema, bila ukali. "Kesho alasiri nitakuja na tochi."

Jumamosi nzima Baba na Karisa walichomelea bati. Bwana Taheri alikuja, akamulika, akagonga kwa kisigino, akalichukua. Lakini Baba hakumsemesha Mama siku zote mbili. Jumapili, begi liko begani, aliniambia, "Mwambie mamako nimeondoka," na Mama amesimama pale pale, hatua mbili.

Nilimchukia Mama. Niliandika kwenye daftari langu la hesabu: Mama ni mzembe, amemfukuza Baba.

Mwaka jana, kwenye harusi ya binamu yangu, nilipewa kazi ya kufukiza. Chetezo ni kile kile cha Mama, kina kitako kipana na majivu mengi. Nilikipiga kumbo mara tatu, hakikuanguka. Mama amekibeba tangu yu msichana, juu ya nguo za hariri za watu. Nikakaa kitako jikoni na chetezo mapajani, wenzangu wakiniita, sikwenda.

Na Baba alijua kwamba siku ile hakikuanguka chenyewe. Mimi nilidhani kutomsemesha Mama ni hasira. Alipopiga simu mara ya kwanza kutoka huko, wiki tatu zimepita, aliuliza kama naliona gari. Nikamwambia naliona kila asubuhi, wasichana wawili nyuma, mdogo mahali pangu. Halafu akasema, "Haya, mpe mamako simu."

Niliona uchungu kwamba amenichoka upesi vile. Kumbe alihitaji kulisikia lile la mtoto mdogo kwanza, ndipo apate uso wa kuzungumza naye.