Jiwe la Nne la Gahanga

Nilipewa kazi hii kwa sababu iliwashinda wapimaji wawili kabla yangu. Shamba la kahawa ambalo Wabelgiji walimkodishia mzungu mmoja enzi zao lilikuwa limekodishwa upya kwa mwekezaji, na mipaka yake hakuna aliyeijua tena. Mimi nilizaliwa ukimbizini Karagwe, nikajisomesha kwa kuponda kokoto hadi nikapata stashahada ya upimaji ardhi. Ramani ya mkoloni hainitishi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliondoka Kicukiro kwa pikipiki, vifaa mgongoni. Baada ya Gahanga niliiacha lami nikashika njia ya udongo mwekundu.

Shambani alinisubiri Kamanzi, mwakilishi wa mwekezaji. Mawe matatu ya mpaka tuliyapata upesi. La nne lilitushangaza. Ramani inaliweka bondeni, ng'ambo ya chemchemi. Lenyewe lilikuwa juu mlimani, hatua sitini kutoka hapo. Katikati palikuwa na chemchemi hiyo na nyumba moja ya bati.

“Ramani na jiwe vikipingana, jiwe hushinda,” nikamfundisha Kamanzi, “maadamu halijasogezwa.” Alinuna, lakini alikubali. Nyumba ilikuwa imepona, kwani kwa jiwe hilo ilibaki nje ya shamba.

Saa tano mwenye nyumba, Mama Mukamana, bibi wa miaka sabini na kitu, alipanda na vikombe vya maziwa ya mgando. Nikamwambia hakuna siri ya mawe haya ninayofichwa, nimesoma.

Akacheka. “Weye iko na diproma, na haujui! Hii jiwe baba yangu ndiye aliipandisha huku. Muzungu alikuwa amelala chini ya mwavuli. Baba na wenzake wakaibeba, maji ibaki yetu. Muzungu alirudi kwao bila kujua!”

Kamanzi alitoa simu. “Mama, hebu rudia, nirekodi.”

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akionyesha kwa mikono jinsi walivyolibeba.

Jiwe lililosogezwa si ushahidi. Nilijua, na Kamanzi alijua kwa kuwa nilimfundisha mimi. Saa nane tulipigilia nondo ya mpaka bondeni.

Mama Mukamana alitufuata. “Munapima nini huku? Nyumba yangu iko pale juu.”

Nikamweleza. Akauliza, “Na kama singesema?”

“Jiwe lingebaki, mama.”

Alichukua kikombe nilichokiacha kando ya vifaa, bado kina maziwa, akayamwaga kwenye majani, akaondoka.

Nilifika Kicukiro jua likingali juu. Ripoti yangu ilipokelewa bila sahihisho hata moja. Mpimaji yeyote aipitie, hatapata kosa. Mama Mukamana amepewa miezi mitatu ahame.

Tangu siku ile nikifika shambani napima kwanza, kisomo changu sikitaji. Wakiniuliza nimesomea wapi, nasema mbali, basi.